Muamala Kama Matini: Fani ya Malipo, Ndani ya Nchi na Kuvuka Mpaka

Ujumbe mfupi unaothibitisha muamala wa simu huenda ndiyo matini inayosomwa kwa uangalifu kuliko zote Afrika Mashariki. Muuza duka huusoma mara mbili kabla hajaachia mfuko wa saruji. Mama aliyetumiwa pesa za matibabu huwapa watoto wamsomee, kisha huwataka warudie kiasi. Matini inayodaiwa uaminifu wa namna hii, na inayoulipa uaminifu huo karibu kila siku, inastahili kusomwa kama tunavyosoma utungo wowote uliotungwa kwa ustadi: kwa fani kwanza, kwa sababu katika malipo, pengine kuliko katika utanzu mwingine wowote, maudhui hayana mahali pa kuishi nje ya fani. Pesa yenyewe haisafiri. Kinachosafiri ni maandishi yanayosema kwamba imesafiri, na maandishi hayo yakishatungwa sawasawa, kusema kwake ndiko kutenda kwenyewe.

Tuuchukue ujumbe wa M-Pesa, uliozaliwa Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Kwa mtumaji, mpangilio wake wa msingi haujabadilika sana tangu hapo. Hutangulia msimbo wa herufi na tarakimu, hufuata tamko la kuthibitisha, kisha huja kiasi, jina la mpokeaji, namba yake, tarehe na saa. Baada ya hapo husimama salio jipya na gharama ya muamala. Mtunzi wake alifanya kazi ndani ya ukuta wa herufi 160, kipimo cha ujumbe mmoja wa simu, na ukuta huo ulimfanyia kile ambacho mizani humfanyia mshairi: ulimlazimisha kuchagua. Salamu hazimo. Sababu ya kutuma pesa, ambayo kwa mtumaji ndiyo kiini cha jambo lote, haimo kabisa. (Siku hizi ukuta umebomolewa kwa mkia wa matangazo na maelezo ya ziada, na kila anayeuona mkia huo anajua kwa jicho tu kwamba si kazi ya mkono uleule.)

Msimbo wa Kenya unastahili kusimamiwa kidogo. Kwa mtazamo wa haraka ni herufi kumi zilizotupwa kama kete, lakini tatu za mwanzo zina kanuni: ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, ya tatu ni siku. Januari ni A na Desemba ni L. Siku za mwezi huandikwa kwa tarakimu mpaka tisa, kisha herufi huzipokea, siku ya kumi ikiwa A. Hivyo muamala unaoanza na NLJ ni wa tarehe 19 Desemba 2019, hata kama sehemu nyingine yote ya ujumbe imefutika. Tarehe basi imeandikwa mara mbili katika utungo mmoja, mara moja waziwazi kwa ajili ya macho ya binadamu na mara moja kwa siri ndani ya jina la muamala wenyewe, na mwandishi wa uongo asiyeijua kanuni hii hujifichua kabla hajafika kwenye kiasi. Ni nadra kuona alama ya utambulisho iliyobeba kazi nyingi hivyo katika nafasi ndogo hivyo.

Sarufi ya ujumbe huo nayo ina hila yake. Mtumaji haambiwi kwamba ametuma. Huambiwa kwamba shilingi kadhaa zimetumwa kwa fulani. Kauli ni ya kutendwa, hali ni timilifu, na mtenda hayumo. Lakini ujumbe pacha, ule unaomfikia mpokeaji, humgeukia kwa nafsi ya pili na kauli ya kutenda: umepokea. Tofauti hii haionekani mpaka jumbe mbili ziwekwe kando kwa kando. Upande wa kutoa, mtu amefutwa na mfumo ndio unaozungumza, kana kwamba pesa imeondoka kwa amri isiyo na mwenyewe. Upande wa kupokea, mtu amerudishwa, anatajwa, anafanywa kuwa mhusika. Sidhani mtunzi alikusudia falsafa yoyote hapo. Ila athari ipo: aliyetoa anapewa risiti, aliyepokea anapewa habari. Jambo moja tu limemshinda mtunzi, nalo ni saa. Matini ya Kiswahili inayosema kwamba muamala ulifanyika saa 3:15 PM inamlazimisha msomaji wake kuwa na saa mbili kichwani, maana mwenyewe alikuwa dukani saa tisa na robo alasiri.

Uzuri mkubwa zaidi wa fani hii, hata hivyo, haumo ndani ya ujumbe mmoja. Umo katika upacha. Jumbe mbili huingia katika simu mbili karibu kwa wakati mmoja, zikiwa na msimbo uleule, na kila mmoja wa wahusika anajua kwamba mwenzake anasoma kile anachosoma yeye. Hapo ndipo muamala unapofungwa. Nitakiita kituo cha pamoja, nikiazima kituo cha washairi: mahali ambapo utungo unatua, na wanaousikia wanatua nao kwa pamoja. Hundi haikuwahi kuwa na kituo cha pamoja. Mwandishi wake aliimaliza siku ya kusaini, na mpokeaji aliimaliza siku benki ilipokubali, na kati ya siku hizo mbili kulikuwa na wasiwasi ambao hakuna mstari ulioutaja. Sina shaka kwamba kituo hicho, kuliko kasi na kuliko bei, ndicho kilichowafanya watu wa kawaida waiamini simu.

Fani iliyobana kiasi hiki huonyesha mara moja kila kinachoingizwa ndani yake kwa nguvu. Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza Tanzania, ilipewa mshororo wake katika ujumbe, kando ya ada ya mtandao, kwa jina lake na kiasi chake. Kodi nyingi huishi ndani ya bei ya bidhaa na hazisomwi na mtu; hii ilisomwa kila mara pesa ilipotumwa, mara nyingi kwa sauti, mbele ya mashahidi. Mjadala uliozuka ulikuwa na sababu nyingi za uchumi, lakini mhakiki wa fani hawezi kupuuza kwamba ulilishwa na mstari mmoja uliorudiwa mamilioni ya mara. Kufikia Septemba mwaka huohuo viwango vilikuwa vimepunguzwa kwa asilimia 30.

Watumiaji nao wametunga pambizoni. Yule anayeombwa laki moja huambiwa atume na ya kutolea, yaani aongeze ada ambayo mpokeaji atakatwa kwa wakala ili laki ifike mkononi ikiwa laki kamili. Adabu hii, ambayo haimo katika mwongozo wowote wa matumizi, ni usomaji makini wa kasoro ya matini: ujumbe unasema kiasi kimefika, na jamii inajua kwamba bado hakijafika. Upande wa giza wa pambizo hiyohiyo kuna utungo wa matapeli ambao kila Mtanzania mwenye simu amewahi kuupokea, ule unaomwagiza atume ile hela kwenye namba hii, na kumtahadharisha kwamba jina litatokea la mtu mwingine. Kwa ufundi mtupu ni kazi ya kuogopesha. Kiashiria cha mbali kinaunda deni ambalo halikuwahi kuwepo, kikimchukulia msomaji kana kwamba mazungumzo yalianza jana. Na tahadhari kuhusu jina inaondoa mapema ulinzi pekee ambao mfumo umempa mlipaji, yaani jina linalotokea kwenye kioo kabla hajaweka namba ya siri. Tapeli ameisoma fani vizuri kuliko wengi wetu, akagundua jiwe linaloubeba ukuta, akalichomoa.

Jina hilo linalotangulia ni hatua kubwa ya kiufundi kuliko linavyoonekana. Watoa huduma wa Tanzania walipoanza kuunganisha mitandao yao, Tigo, Airtel na Zantel mwaka 2014 na Vodacom ikijiunga 2016, waliunganisha kwa mikataba baina yao, wawili wawili. Mfumo wa TIPS, ambao Benki Kuu ya Tanzania imeujenga na kuusimamia, uliwaweka wote katika kiungo kimoja, benki na simu pamoja, na miongoni mwa kazi zake ni kuuliza namba hii ni ya nani kabla pesa haijaguswa. Kwa lugha ya uhakiki, mhusika anatambulishwa kabla ya tendo. Anayeutazama uboreshaji wa mifumo ya taifa kwa kasi yake peke yake hupitwa na hili.

Sasa tupande ngazi, tuende kwenye utanzu ambao wananchi wengi hawauoni: ujumbe wa malipo makubwa baina ya benki. Tanzania ilianzisha TISS mwaka 2004. KEPSS ya Kenya na UNIS ya Uganda zikafuata 2005, na RIPPS ya Rwanda 2011. Yote ni mifumo inayomaliza kila malipo peke yake, papo hapo, kwa kiasi chake chote, badala ya kusubiri jioni ili madeni ya benki yapambanishwe na kulipwa tofauti tu. Kenya iliwasukuma watu kuelekea huko kwa kikomo cha hundi: tangu Oktoba 2009, hundi ya zaidi ya shilingi milioni moja haipiti kwenye mfumo wa kubadilishana hundi. Sheria za mifumo ya malipo ya taifa, ya Kenya ya 2011 na ya Tanzania ya 2015, zikaupa ukamilifu wa malipo nguvu ya kisheria. Kilichokwisha lipwa humo kimekwisha, hata benki iliyolipa ikifilisika kesho.

Ujumbe wenyewe, ule ambao mabenki huuita MT103, umeandikwa kwa mishororo yenye namba. Mshororo wa 32A hubeba tarehe, sarafu na kiasi, vyote vikishikana bila nafasi katikati, tarakimu sita za tarehe zikifuatwa na TZS au KES au UGX na papo hapo kiasi, kama pumzi moja isiyokatwa. Wa 50 ni mlipaji, wa 59 ni mlipwaji. Wa 71A huamua nani atabeba gharama, na huamua kwa mojawapo ya maneno matatu tu yenye herufi tatu. Na wa 70, ambao ndio pekee uliomwachia mlipaji nafasi ya kusema jambo lake, humpa mistari minne ya herufi 35. Herufi 140 basi, pungufu ya ujumbe wa simu, za kueleza kontena la vitenge au karo ya muhula. Karani mzoefu huandika namba ya ankara na kunyamaza. Asiye mzoefu huanza hadithi, nayo hukatwa katikati ya neno.

Ukali wa fani hii ninaupenda, na ninaamini msomaji mwenzangu mwenye ladha ya vitu vilivyobanwa ataupenda pia. Lakini ni fani iliyotungwa mbali, na umbali huo unaonekana kwenye anwani. Kiwango kipya kinachoirithi, ISO 20022, kinavunja mistari huru na kuweka vyumba: mtaa, namba ya jengo, mji, nchi, kila kimoja mahali pake. Kwa mji ambao barua hufuata sanduku la posta na mgeni huelekezwa kwa mnara wa simu na duka lenye rangi ya kijani, vyumba hivyo hubaki vitupu au hujazwa kwa kubahatisha. S.L.P. na namba yake ndiyo anwani ambayo kampuni nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zimeishi nayo kwa vizazi, nayo inamwambia mkaguzi wa benki ya mbali machache sana.

Mpakani ndipo fani inapojaribiwa kweli. Eneo hili lina mifumo ya kikanda mitatu iliyotungwa karibu kwa wakati mmoja, na kila mmoja umejibu kwa namna yake swali la utunzi lililo gumu kuliko yote: muamala wa watu wenye sarafu mbili useme kwa sarafu ya nani? REPSS ya COMESA, iliyoanza 2012 na Benki ya Mauritius ikiwa mmalizaji, hutumia dola na yuro. Mfumo wa SADC, ulioanza Julai 2013 chini ya uendeshaji wa Benki Kuu ya Afrika Kusini, ulichagua randi. EAPS ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza Novemba 2013, mwezi uleule ambao marais walitia saini itifaki ya umoja wa fedha mjini Kampala, nao ulichagua kutochagua: malipo huandikwa kwa sarafu ya nchi mwanachama yoyote iliyo ndani ya mfumo, na benki kuu huwekeana akaunti ili kila moja iweze kulipa kwa niaba ya nyingine.

Kwa maoni yangu jibu hilo la tatu ndilo lenye muundo mzuri kuliko yote. Mifumo miwili ya kwanza ina msimulizi mkuu anayesimama juu ya wahusika, EAPS haina. Mfanyabiashara wa Arusha anayemlipa muuzaji wa Nairobi kwa shilingi za Kenya hupeleka maagizo benki. Benki huyapeleka Benki Kuu ya Tanzania kupitia TISS. Benki Kuu ya Tanzania huyakabidhi kwa Benki Kuu ya Kenya. Nayo huyapitisha KEPSS na kuijazia akaunti benki ya mpokeaji, ambayo ndiyo humfikishia mteja wake. Kila msimulizi anasimulia ndani ya mipaka yake tu, kisha anampisha mwingine, na dola haikanyagi mahali popote. Kuna kinaya kidogo, kwamba makabidhiano kati ya benki kuu mbili jirani husafiri kwa mtandao wa SWIFT, ushirika wa mabenki wenye makao yake Ubelgiji tangu 1973. Kuna pia mshono wa saa: Kigali iko saa moja nyuma ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na mfumo unaodai benki kuu zote ziwe macho kwa pamoja hupoteza saa hiyo pande zote mbili za siku.

Lakini muundo mzuri si lazima uwe na msomaji. Kila kiungo katika mnyororo huo kina ukamilifu wake wa kisheria na kila benki kuu hupata ujumbe wake. Watu wawili ambao muamala ni wao hawana kituo cha pamoja. Mlipaji wa Arusha anabaki na nakala ya fomu yenye muhuri. Akibanwa na muuzaji, huomba benki imchapishie nakala ya ule ujumbe wa MT103, akaipiga picha, akaituma kwa WhatsApp. Picha hiyo imekuwa utanzu kamili wa biashara ya mipakani, na ukiitazama vizuri utaona inachothibitisha: kwamba maagizo yaliandikwa. Kwamba yalitua haisemi, wala haiwezi kusema, kwa sababu ilichapwa kabla. Muuzaji mwenye busara huitikia kwa kidole gumba na hatoi mzigo.

Watu wa simu waliliona pengo hili mapema. Mwaka 2014 Tigo iliunganisha Tanzania na Rwanda, ubadilishaji wa fedha ukiwemo ndani ya muamala, na mwaka 2015 Vodacom Tanzania na Safaricom wakaunganisha M-Pesa zao mbili, hivi kwamba upacha wa jumbe ukavuka mpaka. Hata hivyo Namanga, Sirari na Busia bado utamkuta mfanyabiashara mwenye laini mbili katika simu moja, moja ya kila upande, akipokea kwa hii na kulipa kwa ile, na ubadilishaji wenyewe akiufanya kwa noti mkononi mwa mtu anayemjua kwa sura. Wachumi humwita huyu kielelezo cha kushindwa kwa mfumo rasmi. Mimi namwona mhariri. Amekataa matini inayomwacha njiani, akakata muamala mmoja wa kimataifa kuwa miamala miwili ya ndani, kila mmoja na kituo chake, akaweka mshono pale anapoweza kuuona kwa macho.

Sehemu inayosikitisha ni kwamba uzi wa kuunganisha mnyororo mzima umo tayari. Tangu Novemba 2018 SWIFT inadai kila MT103 ibebe rejea moja isiyobadilika, inayotoka na malipo mwanzo na kufika nayo mwisho, ili benki yoyote njiani iweze kuyatambua kuwa ni yaleyale. Imo hata katika ile nakala inayopigwa picha, juu kabisa, katika kichwa cha ujumbe ambacho mara nyingi hubaki nje ya fremu, kwa kuwa mpiga picha anakimbilia kiasi na jina. Nani alaumiwe kwa hilo? Rejea iliandikwa kwa ajili ya mashine. Ile ya Kenya ya herufi kumi mtu huweza kumsomea mwenzake kwa simu, akiwa barabarani, bila kukosea. Hii ina herufi 36 pamoja na vistari vyake vinne, na sijasikia karani wala mteja aliyejaribu.